Zamu Yangu ya Kuuliza

Mwishoni, vyeti vyangu viliporudi kwenye bahasha,
baada ya Bwana Jumber kunihesabia miaka arobaini na minane
kama mchuuzi anayehesabu mayai yaliyopasuka,
alifunika kalamu, akaitazama saa ya ukutani, akasema:
"Una swali lolote?"

Nalijua swali hilo. Ni mlango uliochorwa ukutani.
Mara mbili maishani nimelijibu "Sina, ahsante,"
ya kwanza kwa heshima, ya pili kwa njaa,
na mara zote mbili nikauziwa mbuzi ndani ya gunia.
Wa pili hakuwa hata mbuzi.

Baba, fundi wa reli kule Khashuri, alinifunza:
mwenye kiu hapimi kina cha kisima.
Alikufa akiwadai mishahara ya miezi saba.

Nje, theluji ya Tbilisi iligeuka tope kabla haijatua.
Jiko la gesi lilikohoa pembeni.
Nikavua kofia.

"Nani alikuwa na kazi hii kabla yangu, na leo yuko wapi?"

Jumber akacheka, cheko la mtu aliyekanyagwa kidole.
"Aliondoka."
"Kwa miguu yake?"

Tsiala, mama wa hesabu,
aliyekuwa akigonga mihuri tangu nilipoingia,
akaacha kugonga.

Nikaendelea, maana swali ni kama lifti za Gldani:
ukishatumbukiza sarafu, inapanda, utake usitake.

"Nikiwa shimoni saa tisa ya usiku,
na kibanda kimening'inia juu yangu kwa waya nne,
simu nitakayopiga italia kitandani kwa nani?
Na mkewe amezoea kumwamsha?"

"Mara ya mwisho fundi alipoifunga lifti,
akasema haitembei mpaka breki ibadilishwe,
na wapangaji wakashuka na matusi na mifuko ya viazi,
ninyi mlisimama upande gani wa mlango?"

"Mshahara unaingia tarehe ngapi?
Siulizi mkataba unasemaje. Nauliza benki inasemaje."

Sikuuliza kama wao ni familia moja.
Familia ninayo, na inakula.

Hapo nilitaka kunyamaza. Mkono ulishaishika bahasha.
Kumbe lililobaki kooni ndilo lililonileta:

"Yule wa kabla yangu, siku alipokikalia kiti hiki,
mngependa angekuwa amewauliza nini?"

Jumber akaigeukia saa.
Saa haikumsaidia.

Aliyejibu ni Tsiala, muhuri ungali hewani:
"Angeuliza kama waya wa jengo namba tisa umefika.
Tulikuwa tumeuagiza.
Kuagiza tu."
Kisha, kama anayesoma risiti:
"Aliitwa Malkhazi. Glovu zake zimo droo ya chini.
Tumekwisha kusaili watu wanane.
Wote walisema hawana swali."

Hakuna aliyemkemea.
Jumber alifunua kalamu, akaifunika tena,
akasema watanipigia,
na kwa mara ya kwanza alinitazama mimi, si umri wangu.

Nilishuka orofa sita kwa ngazi, magoti yakinung'unika.
Mlangoni pa lifti yao wenyewe palibandikwa karatasi,
IMEFUNGWA, kwa mwandiko wa haraka, tarehe ya Novemba,
na chini yake herufi moja tu: M.

Sitakudanganya kwamba nilitoka pale shujaa.
Kwenye basi nilijilaani hadi kituo cha mwisho.
Kodi ya nyumba haikubali maswali kama malipo.
Jumatano nilipika maharage, nikaiweka simu kando ya sufuria.
Haikulia.
Alhamisi nilianza kujiambia maneno ya baba.

Ijumaa ikalia. Hakuwa Jumber.
"Lamzira? Ni Tsiala. Waya umefika.
Njoo uuone kabla hujatia saini."

Moyo ulitaka kusema ndiyo, ndiyo, nakuja hata sasa.
Nikaupunguza moto chini ya maharage.
"Tsiala," nikasema,
"una rula hapo karibu?
Nipimie unene wake.
Nasubiri."