Mifupa ya Nyumba

Uani kwa fundi Wesonga, nyuma ya reli, Nakuru,
chesisi mbili zimelala uchi kwenye majani,
hazina bodi, hazina viti. Moja tutaijengea
nyumba ya magurudumu, tuzeekee njiani.

Ya kwanza ni ya lori: pana, nzito,
imebeba mahindi ya Kitale miaka tisa.
"Hii," asema Wesonga, "uitwike jiko, kitanda, tangi la maji,
haitajua kama umepanda."
Ya pili ni ya basi dogo: ya chini, springi zake za upole,
ila mawe ya Cherang'any yataikwaruza tumbo.

Nimekuja na futi, daftari, na hesabu za pensheni.
Napima ekseli hadi ekseli. Naandika. Nafuta.
Naandika tena.

Jerotich hapimi.
Anavua kiatu, anainua mguu apande ile ya lori.
Goti la kushoto linakataa.
Anaushusha. Hasemi kitu.
Anaokota spana, anagonga chuma
kama agongavyo chungu sokoni kabla ya kulipa,
sikio likitafuta ufa.
Ya basi inakohoa.
Ya lori inalia hadi ghala la jirani.

"Ichomelee ngazi," amwambia fundi, "vidato vitatu,
na cha kwanza kiwe chini kabisa."
Kisha kwangu, akijipangusa kutu kwa leso:
"Goti nitalibembeleza.
Barabara, nani ataibembeleza?"

Nafunga daftari.
Kurasa nne za vipimo,
na urefu wa kitanda sikuuandika.