Kidevu cha Eilif

Barakoa kumi na nne mezani, na mshumaa mmoja.
Saa tatu asubuhi, na usiku wa Ålesund
bado haujabanduka dirishani.
Keshokutwa meli inakwea kaskazini:
siku tano, abiria mia mbili,
hewa moja.

Hizi za maua nilizishona mwenyewe
mwaka ule wa kwanza, kwa masalio ya pazia la jikoni.
Majirani walizigombania.
Mchungaji aliivaa ya zambarau mpaka ikapauka.
Miaka thelathini na moja nyuma ya cherehani,
sijawahi kuionea haya kazi ya mkono wangu.

Leo naivaa moja, nausogelea mshumaa, napuliza.
Moto unalala.
Nauwasha tena, navaa ya kitani. Unalala.
Ya tatu ina tabaka mbili, na herufi za Eilif nimezidarizi pembeni:
moto unayumba, kama unaofikiri,
kisha nao unazimika.

Basi.
Kinachotoa pumzi yangu nje
kitaingiza ya mwenzangu ndani.
Cherehani haikudanganya. Mshonaji ndiye alipenda kusifiwa.

Inabaki ile nyeupe ya duka la dawa,
ngumu kama ganda la yai, ina sura ya mdomo wa bata.
Napuliza mpaka masikio yanaziba.
Mshumaa unanitazama tu.

Eilif amesimama mlangoni na kahawa yake.
“Mchagua jembe si mkulima, Gunnvor.”
“Hili si jembe. Njoo hapa.”

Namvalisha. Kamba moja kisogoni, nyingine shingoni.
Nabana waya juu ya pua mpaka analalamika.
Ndevu zinachungulia kila upande
kama nyasi kwenye ufa wa ukuta,
na miwani yake inaota ukungu.
“Unaniona?”
“Nakuona kama siku ile gatini,
ulipopotea njia ukaniuliza mimi.”

Nacheka, lakini ukungu ule siucheki.
Pumzi haidai mlango, ufa unaitosha.
Na mapafu yake yamekwisha kula vumbi la chuma
miaka yote ya kiwandani;
hayana nafasi ya mgeni mwingine.

“Ndevu,” nasema.

Ananyamaza. Nami nanyamaza.
Ndevu hizi nilizikuta.
Nilifunga ndoa nazo.
Zimeganda barafu, zimenywa mchuzi wa chewa,
zimeficha machozi mara moja, na hajakiri hadi leo.
Lakini kule Kirkenes yuko mtoto wa miezi mitano,
mjukuu tunayemjua kwa kioo cha simu tu,
anayejaribu kuilamba simu kila tukimwita.

Anaweka kikombe chini.
Nasikia mkasi, halafu maji, halafu wembe,
halafu kimya kirefu kupita wembe.

Anatoka na uso nusu mweupe,
kama ukuta ulioondolewa picha.
Na katikati ya kidevu, kishimo.
Kishimo cha Ragnhild, binti yetu!
Miaka thelathini na tisa tumebishana kilitoka wapi.
Mama mkwe alidai ni cha ukoo wangu, tena kwa kunisimanga.
Eilif anakigusa kwa kidole.
“Nilikuwa nimekisahau,” anasema,
na naona hatanii.

Namvalisha tena. Inamkaa kama ngozi.
Miwani imetakata, macho yake ya kijivu yote mawili yapo.
Anapuliza. Mshumaa hautikisiki.
Nimekipata kishimo, na saa hiyohiyo nakifunika.

Nitabeba nyeupe ishirini,
kila siku moja moja, na za akiba.
Zile za maua nitazifumua, nizishone mfuko wa kuzitia hizi.
Ukumbi wa chakula hatuingii:
watu wote midomo wazi, madirisha yamefungwa.
Tutakula sitahani, migongo tumeupa upepo,
na yeye atakapoivua ili atafune
nitakitazama.
Supu itapoa.
Na ipoe.