Karani

Nina mtoto wa mbwa, na kwa kusema hivyo
simtukani mtu.
Ana miezi mitano, masikio yamemzidi umri,
na kikoti cha kijani kilichoandikwa NAJIFUNZA
ambacho upepo wa Dodoma hukipindua
kikamfunika macho.

Nimemwita Karani kwa sababu nilikuwa karani,
miaka thelathini na moja nyuma ya dirisha la tiketi,
na nilipostaafu hakuna aliyeniambia
mtu hufanya nini saa mbili asubuhi.
Sasa saa mbili tuko Soko la Majengo.

Siku ya kwanza aliona utumbo wa mbuzi kwenye ndoo
akasahau yote.
Nikasimama. Ndiyo kazi yenyewe, kusimama.
Kamba ikikaza, nasimama. Ikilegea, twende.
Hatua nne kwa dakika kumi.
Muuza dagaa akauliza, "Bi Sechelela,
hilo gari limekwisha mafuta?"

Watoto nawaambia: msimshike, yuko kazini.
Kazi gani, na amelala?
Ndiyo hiyo. Kulala huku honi zinalia,
kulala huku pikipiki inapita na kuku kumi na wawili
miguu juu, vichwa chini,
kila mmoja akimwita.

Kwenye ofisi ya maji foleni ilifika mlangoni.
Nikatoa sauti ya amri, kama nilivyoelekezwa:
"Karani, kaa!"
Mbwa akabaki wima.
Karani wa dirisha la tatu akakaa.

Barabara ya Nane, jirani na msikiti,
Fundi Kibwana alikusanya kanzu yake alipotuona.
Sikukasirika. Nikavuka.
Kesho yake tukapita ng'ambo, na kesho kutwa,
na wiki ya tatu akapaza sauti kutoka kwenye cherehani:
"Huyo atamwongoza nani?"
Sijui, nikasema. Mtu. Hawajaniambia.
Akanyamaza, uzi mdomoni.
"Mama yangu alikuwa akihesabu hatua hadi bombani.
Mia na sita.
Walipochimba mtaro, hawakumwambia."
Siku hizi yeye ndiye anayewafukuza watoto.
Kanzu bado anaikusanya.

Mji huu nilidhani naujua.
Sikujua mifuniko ya mitaro inaibwa,
wala kwamba nondo za ghorofa jipya la Makole
zimechomoza barabarani usawa wa kifua cha mtu,
wala kwamba tawi la mwarobaini pale posta
halimgusi mbwa, linamgusa anayemfuata.
Yote haya aje ayajue yeye. Mimi namzoesha tu kelele.

Stesheni mpya ina ngazi zinazotembea zenyewe.
Tulizitazama, mimi na yeye, washamba wawili.
Zinajikunja kule juu, sijui zinaenda wapi.
Tukapanda zile za saruji.
Kwenye fomu nitaandika ukweli:
aliyegoma si mbwa.

Watamchukua zabibu za Agosti zikivunwa.
Dada yangu ananiuliza kwa simu kutoka Mpwapwa,
utampaje mtu uliyemlea?
Namjibu, nimeuza tiketi maisha yangu yote;
safari haikuwahi kuwa yangu.
Jibu zuri. Nimelitumia mara tatu
na halijanisaidia usiku hata mmoja.

Jana, kwenye kivuko, vumbi likanyanyuka,
nikafumba macho kwa sababu yake,
kisha vumbi likapita nami sikuyafumbua.
Nilitaka kujua.
Lori. Pikipiki. Mtu anasaga miwa. Lori jingine,
karibu kuliko nilivyodhani.
Goti langu likaanza kutetemeka.

Akaja, akanikalia juu ya mguu
kwa uzito wake wote.

Hilo sikumfundisha.
Halimo kwenye mwongozo.
Kesho inabidi nianze kumwachisha.