Safu ya Tatu

Soko la Nyuyoki hufunguliwa kwetu Al-Khoudh
saa kumi na moja na nusu, jua bado
halijauachia mpini wa mlango wa gari.
Nimeegesha nje ya duka la chai ya karaki,
gilasi ya karatasi mapajani, simu mkononi,
namsubiri mgonjwa wangu wa pili aamke.

Ndivyo nilivyoiita ile hisa: Mgonjwa.
Kampuni changa, haijauza hata kidonge kimoja;
ina maabara, ina madeni, na ina neno,
kwamba siku moja seli zilizopinda kama mundu
zitanyooka.
Nilinunua mia nne kwa pesa za kiinua mgongo.
Shemeji yangu Suweid akauliza, "Halali hiyo?"
Nikamwambia dawa ni halali.
"Sikuuliza dawa," akasema, akaendelea kumenya tende.

Jumatatu: nane na senti kumi.
Dakika ishirini, saba na tisini.
Ikapanda, ikashuka, kama mtu
aliyesahau kitu ndani, akarudi,
akasahau alichokirudia.
Hakuna habari. Nimetafuta. Hakuna aliyekufa,
hakuna aliyepona. Kuna watu tu,
mahali wasikojua joto hili,
wanauza kwa kuwa wenzao wanauza.
Jumanne juu, asilimia kumi na moja. Kwa nini?
Kwa sababu ya jana.
Jumatano ikayarudisha yote, na riba.

Nyumbani kuna daftari. Thuwaiba alilianza
Badar alipokuwa na miaka miwili,
vidole vimevimba, analia na hawezi kutaja wapi.
Safu ya kwanza tarehe. Safu ya pili damu:
saba nukta sita. Nane. Saba nukta moja, *tumelazwa*.
Mwandiko wake wima kama askari wa zamu.
Mimi nikaongeza safu ya tatu, kwa penseli.

Sikuwa na nia mbaya. Nilitaka kuona tu.
Lakini shetani naye anajua hesabu:
namba zilikuwa za kimo kimoja,
saba, nane, tisa, kama ndugu
walioshonewa kanzu za jora moja,
hata usiku mwingine nikasoma ya huku
nikafurahia ya kule.

Aprili uvumi ukavuja: majaribio, awamu ya pili, mazuri.
Ikaruka hadi kumi na moja na arubaini kabla ya Isha.
Nilikuwa kwenye ujia wa wodi, sakafu imetoka kupigwa deki.
Badar ndani, ana mrija, ana miaka kumi na tatu,
anauma kola ya shati wauguzi wasimsikie.
Na moyo wangu, niseme kweli,
moyo wangu ulicheka.

Thuwaiba akatoka, ushungi umemlegea,
macho hayajalala siku mbili.
"Ngapi?"
Alidhani maabara wamenitumia kipimo.
Nami, kidole bado kwenye kioo, nikajibu:
"Kumi na moja nukta nne."

Akaenda chini. Hakutafuta kiti, hakuuliza kibla,
aliweka paji la uso palepale penye unyevu
akasujudu.
Nilikuwa na nafasi ya kusema.
Nafasi ndefu, pana, ya kutosha watu kumi.
Nikatazama viatu vyake.

Saa sita usiku soko likafungwa: tisa na senti tano.
Saa saba muuguzi akaja na karatasi: sita nukta tisa.
Thuwaiba akaisoma, akanitazama,
akaisoma tena, kama anayetafuta
tarakimu iliyodondoka njiani.

Daftari bado liko juu ya friji.
Ile safu nimeifuta, lakini penseli huacha mfereji;
ukiuinamisha ukurasa kwenye taa
utayaona mabonde yake yote.
Hisa sijauza. Leo saba na themanini.
Badar yuko shule, kaenda na chupa mbili za maji.
Na mama yake, siku hizi, akitaka kujua,
haniulizi "Ngapi?" ikaishia hapo.
Husema: "Ngapi? Ya mtoto."