Kipimo

Viena. Dragica hapimi mtaa kwa rula.
Anaupima kwa mama mkwe wake,
Roswitha, goti la chuma, mkongojo mmoja:
hatua mia mbili na kumi hadi kwa mwoka mikate,
sabini zaidi hadi kwa daktari wa meno,
na benchi, kabla pumzi haijamwishia.

Kwenye ramani palichorwa maegesho ya magari arobaini.
Amefuta thelathini na nane.
Pameingia fundi viatu, chekechea,
na juu yao ghorofa nne
za kodi ambayo dereva wa tramu ataimudu
na bado Ijumaa anunue samaki.

"Magari yataenda wapi?" wakauliza wakubwa.

Roswitha alikuwa ameshafika,
mkate kwapani, ungali moto.