Kiti cha Nyuma

Diksmuide, saa tatu asubuhi, Februari.
Omer anakuja gerejini, suruali ndani ya soksi,
chupa ya chai kwapani, mayai mawili mfukoni.
"Leo nakaa wapi?" ananiuliza,
kana kwamba kuna siku nilimpa usukani.
Macho yake yamebakiza kingo tu.
Katikati, asema, pana doa,
kama alama ya kikombe juu ya gazeti,
na habari yenyewe daima iko chini ya kikombe.
Basi mbele mimi, nyuma yeye,
miguu minne, mnyororo mmoja mrefu wa kulalamika.

Muuza mikate bado hajui atuiteje.
Mwanawe, Wannes, aliishi nami miaka kumi na mmoja,
kisha karatasi tatu, muhuri, karani mwenye mafua.
Talaka ikafuta "mke".
"Mkwe" haikuguswa.
Ni tofauti ya herufi moja;
pengine karani alikuwa anapenga kamasi.

Njia yetu ni reli ya zamani iliyong'olewa vyuma,
imenyooka hadi inachosha.
Kushoto mashamba yamelala, maji yamewafika kifuani,
kulia kondoo wanajikuna kwenye saruji ya vita
ambayo hata Omer hakuikuta.
Upepo watoka baharini. Hauna nia mbaya,
ila hautaki tufike.
"Omer, unakanyaga?"
"Nakanyaga."
Mnyororo unasema vingine.
Kutangulia si kufika, najiambia,
na kwenye baiskeli hii hata kutangulia
ni hesabu ya mita moja.

Nieuwpoort. Mji wa likizo bila likizo.
Ghorofa tisa, mabati yameteremshwa madirishani,
dirisha moja tu lina taa, na mtu ndani anakunja nguo.
Vigari vya watoto vya kukanyaga vimefungwa pamoja,
vinatazama ukuta kama walioadhibiwa.
Ile koni ya plastiki ya muuza aiskrimu, ndefu kunishinda,
imevikwa mfuko mweusi, kamba shingoni.
Mkahawa wa uduvi una karatasi mlangoni.
Namsomea: TUONANE PASAKA.
"Pasaka ipi?" auliza Omer. "Hawakuandika mwaka?"

Tunakula mayai kwenye kituo cha tramu.
Tramu inapita, tupu, imewasha taa zote.
Chumvi tumesahau;
Omer analamba midomo yake, asema ipo.

Kisha, huku akimenya:
"Wannes anaulizia baiskeli."
Namimina chai. Kikombe kinajaa, kinapitiliza.
Ni yake, kweli. Aliinunua mwaka wa harusi,
tukaipanda mara mbili,
mara zote mbili tukagombania kiti cha mbele.
"Ukamwambia nini?"
"Kwamba nitairudisha ikishafika baharini."
"Omer. Imefika."

Anainuka, anashika ukingo wa ukuta.
Ili aone kitu sharti asikitazame,
basi analigeuzia uso pipa la taka,
analikazia macho kwa heshima zote,
na pembeni mwa jicho, kule,
nyuma ya mchanga mrefu uliolowa,
bahari imejivuta, imebaki mstari,
rangi ya maji ya kusuuzia brashi.
"Bado," asema. "Naiona. Iko mbali."

Tungeweza kuisukuma hadi kwenye povu.
Dakika kumi, labda kumi na mbili.
Hakuna aliyelisema hilo.
Namfungia zipu ya koti mpaka kidevuni,
namshika mkono mpaka apate pedali.

Kurudi, upepo u mgongoni,
na mnyororo, kwa mara ya kwanza leo, kimya.
"Omer, unakanyaga?"
Hajibu.
Magoti yangu yanazunguka yenyewe.