Asilimia Tisini na Sita

Saa nane usiku, Mtumba.
Chumba cha mashine kina baridi ya Juni mara mbili;
nje, upepo unasugua vumbi kwenye vioo.
Sechelela amevaa koti la mumewe.
Kwenye skrini: diski mama, diski ya nakala,
na kati yao mstari mwembamba unaosema
nani bado ananyonya kwa nani.

Ameambiwa afute mstari tu.
Si daftari la viwanja vya Nala,
si majina, si mihuri.
Mstari.

Tisini na sita.

Hombolo, miaka ile, baba yake
aliinamisha tawi la mzabibu mpaka chini,
akafukia kifundo, akaweka jiwe juu.
Tawi likanywa kwa mama yake wiki baada ya wiki,
na mtoto, kisu mkononi, akauliza kila jioni.
“Haya, kata,” baba alichoka. “Tutapata kuni.”
Alikata.
Hazikutosha hata kuchemsha chai.

Tisini na nane.
Mfumo unauliza: ulazimishe?
Mkuu wa kitengo amepiga simu tena.
Sechelela anaigeuza simu kifudifudi.

Mia.

Anabonyeza. Hakuna mlio wowote.
Mstari haupo; diski mbili zipo,
viwanja vilevile, wenyewe walewale,
pacha hadi saa mbili asubuhi,
karani wa kwanza atakapofika, afute tongotongo,
asahihishe jina moja upande huu,
na upande wa pili
hautasikia.